Kitone Kimoja ni Nini? Uhakiki wa Mchoro wa Vitone na Histogramu katika Kulinganisha Majina ya Mahali ya Masasi na Newala

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mchoro wa vitone na histogramu inavyotumika kulinganisha mitawanyiko ya data za kiisimu. Mfano unaochunguzwa ni urefu wa majina 40 ya kata, 20 za upande wa Masasi na 20 za upande wa Newala, mkoani Mtwara. Inaonyeshwa kuwa wastani wa silabi katika makundi hayo mawili ni uleule ilhali maumbo ya mitawanyiko yanatofautiana. Kwamba tofauti hiyo hugeuka kinyume mara nazali ya mwanzo wa jina inapohesabiwa kwa kanuni nyingine. Na kwamba histogramu ya idadi ya herufi huweza kuzusha tofauti au kuifuta kwa kusogeza mpaka wa vikundi hatua moja. Inajengwa hoja kwamba pale data za lugha zinapokuwa chache, ushahidi unaostahili kuwekwa mbele ya msomaji ni mchoro wa vitone ulioambatana na majina yenyewe.

Utangulizi

Msafiri anayetoka Lindi au Mtwara kwenda Masasi hufika Nanganga, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Ruangwa. Hapo yumo katika bonde la mto Lukuledi. Kusini mwake umeinuka uwanda wa juu wa Makonde, na Newala ipo upande wa pili, kwenye ukingo wa uwanda huo unaotazama bonde la Ruvuma. Majina ya kata za pande hizi yana sura ya kifamilia. Kwa upande wa Masasi kuna Nanganga, Nangoo, Ndanda, Mwena, Chikundi na Chigugu. Kwa upande wa Newala kuna Nambali, Mkunya, Mtopwa, Chihangu, Malatu na Kitangari. Mwanaisimu akiyasikia hutamani kuyahesabu, na si vibaya kutamani hivyo. Vibaya huanza pale anapohesabu kabla ya kuamua anahesabu nini.

Kuna dai moja linalojileta lenyewe katika eneo hili. Wilaya ya Masasi ni mahali pa mchanganyiko wa lugha: Kimakua, Kiyao, Kimwera na Kimakonde zimeishi humo bega kwa bega. Newala, kwa upande wake, hutajwa kuwa nchi ya Wamakonde. Ikiwa ni hivyo, basi majina ya Masasi yatarajiwe kutawanyika zaidi kwa urefu, kwa kuwa yametoka katika vinywa vya lugha nyingi, na ya Newala yatarajiwe kubanana, kwa kuwa yametoka katika lugha moja. Dai hili lina mantiki, linapimika, na linaelekea kuhitaji kurasa mbili tu na mchoro mmoja. Ni dai la aina ambayo mwanafunzi wa uzamili angelipenda na msimamizi wake angeliidhinisha. Pia ni dai lenye uzito nje ya chuo: jina la mahali husomwa kama hati ya ukaazi, na anayethibitisha kuwa jina ni la lugha fulani huelekea kueleweka kuwa amethibitisha mwenyeji ni nani. Kwa sababu hiyo mchoro unaolibeba dai hilo unapaswa kukaguliwa kwa ukali kuliko kawaida.

Wastani uliofanana

Majina yaliyohesabiwa ni yale ya kata yenye neno moja. Majina yenye namba, kama Mcholi I na Mcholi II, yamehesabiwa mara moja. Jina la maneno mawili, kama Mdimba Mpelepele, limeachwa. Na jina la wazi la kisiasa, kama Muungano, halikuingizwa. Upande wa Masasi wamo Nanganga, Ndanda, Mwena, Chikundi, Lukuledi, Chigugu, Chikukwe, Chiungutwa, Chiwata, Lulindi, Lupaso, Mbuyuni, Mchauru, Mkundi, Mpeta, Mnavira, Namajani, Namatutwe, Nangoo na Nanjota. Upande wa Newala wamo Chihangu, Chilangala, Chitekete, Chiwonga, Kitangari, Luchingu, Makote, Makukwe, Malatu, Maputi, Mcholi, Mkunya, Mkwedu, Mnyambe, Mtonya, Mtopwa, Nambali, Nandwahi, Nanguruwe na Nakahako. Orodha hizi ni teule, wala hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Jambo hilo litarudi kudai haki yake baadaye.

Silabi zikihesabiwa kwa kanuni ya Kiswahili sanifu, yaani nazali /m/ iliyotangulia konsonanti na inayotokana na kiambishi ngeli ikihesabiwa kuwa silabi kamili, jumla ya silabi za majina 20 ya Masasi ni 65. Jumla ya silabi za majina 20 ya Newala ni 65. Wastani wa kila upande ni 3.25. Thamani ya katikati kwa kila upande ni 3, na thamani inayojirudia zaidi kwa kila upande ni 3. Mtafiti anayeripoti wastani pekee, kama ilivyo desturi katika kazi nyingi, angeandika kwamba hakuna tofauti na kufunga faili. Lakini vitone vinasema jambo jingine:

Kielelezo 1: Silabi kwa kanuni ya Kiswahili sanifu

Masasi
silabi 2: ● ●
silabi 3: ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ●
silabi 4: ● ● ● ● ● ● ●

Newala
silabi 2:
silabi 3: ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ●
silabi 4: ● ● ● ● ●

Masasi ina majina mawili mafupi (Ndanda na Mwena) na majina saba marefu. Newala haina hata jina moja la silabi mbili, na robo tatu ya majina yake yamesimama katika safu moja. Makundi haya yana kitovu kimoja na maumbo mawili. Wanatakwimu wamelisema jambo hili kwa muda mrefu: mwaka 1973 Francis Anscombe alitoa seti nne za data zenye wastani uleule na vipimo vingine vya muhtasari vinavyokaribiana sana, lakini zikichorwa hazifanani hata kidogo. Funzo lake hutajwa sana na kufuatwa kwa nadra, labda kwa sababu wastani huingia katika sentensi kwa urahisi ilhali mchoro hudai nafasi ya ukurasa.

Kwa hiyo dai la mwanzo limeshinda? Masasi imetawanyika, Newala imebanana, na mchanganyiko wa lugha umejidhihirisha katika vitone. Mwandishi mwenye haraka angeishia hapa.

Nazali ya mwanzo

Kila kitone katika Kielelezo 1 kimebeba uamuzi wa kifonolojia, na vitone 11 kati ya 40 vimebeba uamuzi uleule: kwamba /m/ ya mwanzo ni silabi. Kwa mshairi wa Kiswahili hili si suala la mjadala. Anayetunga utenzi wa mizani nane kwa mshororo huihesabu /m/ ya mtu kuwa mizani moja, na Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, aliandika akiwa ndani ya mapokeo yaliyokwisha kuliamua jambo hilo zamani. Kwa kweli arudhi ndiyo mahali ambapo Kiswahili kimekuwa kikihesabu mtawanyiko bila kuuita hivyo. Ukichora histogramu ya urefu wa mishororo ya utenzi uliotungwa kwa kufuata kanuni, utapata mhimili mmoja tu juu ya namba 8, na popote panapotokea mhimili wa pili pana kosa la mtunzi, la mnakili au la mhesabuji. Chora ile ya shairi huru, kwa mfano katika Kichomi cha Kezilahabi cha mwaka 1974, na mihimili inaenea. Ugomvi mkubwa wa ushairi wa miaka ya 1970 unaweza kuonyeshwa kwa michoro hiyo miwili, ingawa pande zote mbili zingechukia kurahisishwa kiasi hicho.

Hata ndani ya Kiswahili, hata hivyo, herufi hazitoshi kumwongoza mhesabuji. Mbuzi lina silabi mbili, mbu-zi, kwa kuwa nazali hapo imeungana na konsonanti. Mbuyu lina silabi tatu, m-bu-yu, kwa kuwa wingi wake ni mibuyu na /m/ yake ni kiambishi cha ngeli ya 3. Tahajia ya mwanzo wa maneno haya ni moja. Mbuyuni, jina la kata ya Masasi, limeingizwa katika safu ya silabi nne kwa sababu ya mofolojia, si kwa sababu ya sauti zilizoandikwa. Programu ya kompyuta inayokata silabi kwa kutazama herufi ingelitia katika safu ya tatu bila kusita, na hakuna msomaji wa histogramu angegundua, maana mhimili hauna jina la mtu wala la mahali.

Na majina haya, ukiacha machache, si ya Kiswahili. Yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Je, /m/ ya Mkunya au ya Mpeta ina hadhi gani katika lugha iliyozaa jina hilo? Tuseme, kwa ajili ya jaribio, kwamba mhesabuji anaamua kutoihesabu: anaichukulia kuwa sehemu ya mwanzo wa silabi inayofuata. Uamuzi huu nao una watetezi wake, hasa miongoni mwa wanaohesabu kwa kusikiliza usemi wa haraka. Majina matano ya Masasi yanasogea hatua moja nyuma (Mbuyuni, Mchauru, Mkundi, Mpeta, Mnavira), na sita ya Newala yanasogea vilevile (Mcholi, Mkunya, Mkwedu, Mnyambe, Mtonya, Mtopwa).

Kielelezo 2: Silabi bila kuihesabu nazali ya mwanzo

Masasi
silabi 2: ● ● ● ●
silabi 3: ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ● ●
silabi 4: ● ● ● ●

Newala
silabi 2: ● ● ● ● ● ●
silabi 3: ● ● ● ● ● ● ● ● ●
silabi 4: ● ● ● ● ●

Wastani wa Masasi sasa ni 3.00 na wa Newala ni 2.95, tofauti ndogo isiyostahili sentensi. Umbo ndilo lililopinduka. Masasi ndiyo iliyobanana, tena kwa ulinganifu wa kupendeza, na Newala ndiyo iliyotawanyika. Anayetaka kuthibitisha kwamba uwanda wa Makonde una lugha moja na bonde lina lugha nyingi atachagua kanuni ya kwanza. Anayetaka kinyume chake atachagua ya pili. Na kila mmoja atakuwa na mchoro safi wa kuonyesha. Wala hakuna aliyeghushi data. Majina ni yaleyale 40.

Ndipo inapoonekana kwa nini kauli ya kwamba "mchoro unaziacha data zijieleze zenyewe", inayosikika sana katika semina, haifai katika isimu. Data za lugha hazijielezi kabla mtu hajazikata vipande. Katika kupima mvua au uzito wa magunia ya korosho, kitone kinakuja kikiwa tayari: chombo kimesoma namba. Katika isimu kitone ni matokeo ya uchanganuzi, na uchanganuzi huo hutangulia takwimu. Tasnifu inayoeleza kwa kina programu iliyochora histogramu, kisha ikapita juu ya kanuni ya kugawa silabi kwa neno "zilihesabiwa", imetoa maelezo mahali pasipohitaji na kunyamaza panapohitaji.

Uchunguzi wa lugha zenyewe haumalizi mgogoro, ila unauweka mahali pake. Katika Kimakonde, viambishi vya ngeli ya 1 na ya 3 hujitokeza kama nazali inayofuata mahali pa kutamkia pa konsonanti iliyo mbele yake, na nazali hiyo hubeba silabi. Jina la lahaja ya Chinnima, iliyofafanuliwa na Peter Kraal katika sarufi yake ya mwaka 2005, linaonyesha kwa macho nazali mbili zilizokaa pamoja. Hii ina maana kwamba kwa majina ya Newala yenye /m/ ya mwanzo kanuni ya kwanza ina nguvu zaidi. Lakini ina maana pia kwamba /n/ ya mwanzo isidharauliwe. Ndanda, lililohesabiwa silabi mbili bila mashaka katika michoro yote miwili, huenda likawa na silabi tatu iwapo /n/ yake itathibitishwa kuwa kiambishi kilichofuata /d/. Kitone chake kikihama, safu ya silabi mbili ya Masasi katika Kielelezo 1 inabaki na Mwena peke yake, na nusu ya ushahidi wa kwamba Masasi ina majina mafupi imekwisha. Kwa jina moja!

Histogramu na mipaka yake

Mchoro wa vitone huweka kitone kimoja kwa kila jina, na kwa hiyo unaweza kuulizwa: kitone hiki ni nani? Histogramu huulizwa maswali machache zaidi. Karl Pearson, aliyelipa jina hilo umaarufu katika miaka ya 1890, alikuwa akishughulikia data nyingi zinazoendelea bila kukatika, ambazo lazima zipangwe katika vikundi ili macho yazione. Huko histogramu haina mpinzani. Tatizo ni pale inapohamishiwa kwenye majina 20.

Hesabu ya herufi inadhihirisha. Majina ya Masasi yana herufi kati ya 5 na 10: mawili yana 5, manne yana 6, saba yana 7, matano yana 8, moja lina 9 na moja lina 10. Kilele kimoja, juu ya 7. Ya Newala yanaanza na 6: manane yana 6, matatu yana 7, matano yana 8, matatu yana 9 na moja lina 10. Vilele viwili, juu ya 6 na juu ya 8, na bonde katikati. Katika mchoro wa vitone tofauti hii inaonekana papo hapo.

Sasa herufi hizo zipangwe mbili mbili. Vikundi vikiwa 5–6, 7–8 na 9–10, Masasi inapata 6, 12 na 2. Newala inapata 8, 8 na 4. Histogramu mbili zisizofanana: moja ina nundu, nyingine ni tambarare inayoshuka. Vikundi vikisogezwa hatua moja tu, viwe 4–5, 6–7, 8–9 na 10–11, Masasi inapata 2, 11, 6 na 1. Newala inapata 0, 11, 8 na 1. Hizo ni histogramu ambazo mtu angeziona mapacha. Upana wa vikundi haukubadilika, data hazikubadilika. Kilichobadilika ni mahali mkata-vikundi alipoanzia, na programu nyingi humchagulia mtumiaji mahali hapo bila kumwambia. Vilele viwili vya Newala, ambavyo ndivyo jambo la pekee la kuvutia katika data hizi, vimetoweka katika histogramu zote mbili.

Je, vilele hivyo vina maana? Hapa mchoro wa vitone unaonyesha faida yake ya pili: unaruhusu kupekuliwa. Safu ya herufi 6 ya Newala imejaa majina yanayoanza na M- na Ma- (Mcholi, Mkunya, Mkwedu, Mtonya, Mtopwa, Makote, Malatu, Maputi). Safu ya herufi 8 ina Chihangu, Chiwonga, Luchingu, Nandwahi na Nakahako. Matatu kati ya hayo yana ch, sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili, na ng, ambayo katika majina haya ni konsonanti moja iliyotanguliwa na nazali yake. Yaani sehemu kubwa ya kilele cha pili imetengenezwa na tahajia. Ni kilele cha waandishi, si cha wasemaji.

Na waandishi hao wana historia katika eneo hili. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyeongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876 hadi likapiga kambi Masasi. Chauncy Maples, aliyehudumu Masasi na Newala, alichapisha mwaka 1879 mkusanyo wake juu ya Kimakua. Baada ya uvamizi wa Magwangwara wa mwaka 1882 kituo cha misheni kilihamia Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Kwa mtu anayefikiri kwamba Newala ni Kimakonde kitupu, jina la Matola pekee lingetosha kumsimamisha. Muhimu kwa mjadala huu ni kwamba karibu kutoka mwanzo majina ya Masasi na Newala yaliingia katika maandishi kwa mikono iliyozoea Kiswahili cha Unguja, na baadaye yakapita kwa makarani wa serikali mbili za kikoloni na wa Tanzania huru. Kitangari lina ki- pale ambapo majirani wake Chitekete na Chilangala wana chi-. Hesabu ya herufi hailioni hilo ila kama herufi moja pungufu. Hesabu ya silabi hailioni kabisa.

Majina yaliyoachwa

Uteuzi wa majina nao uhakikiwe, kwa kuwa ni haki ileile. Upande wa Masasi yaliachwa, miongoni mwa mengine, Makong'onda, Chiwale na Sindano. Upande wa Newala yaliachwa Mnekachi, Mtunguru na Mahumbika. Hakuna sababu ya kiisimu ya kuyaacha. Yakiingizwa, kwa kanuni ya Kiswahili sanifu, Masasi inakuwa na majina 2 ya silabi mbili, 13 ya silabi tatu na 8 ya silabi nne; Newala inakuwa na 0, 15 na 8. Wastani unakuwa 3.26 na 3.35. Kwa hiyo wastani uliofanana umetengana, na maumbo yaliyotengana yamekaribiana. Robo tatu ya Newala iliyosimama katika safu moja imeshuka hadi chini ya theluthi mbili.

Msomaji anaweza kuhisi amechezewa. Ni hisia sahihi, na ni afadhali aipate hapa kuliko kuikosa mahali ambapo mwandishi hakumwambia ni majina gani yaliyoachwa. Ukaguzi huu wote umewezekana kwa sababu majina yametajwa. Laiti makala ingeanza na asilimia, "majina ya silabi nne ni asilimia 35 Masasi na asilimia 25 Newala", pasingekuwa na njia ya kurudi nyuma; na asilimia ya majina 20 ni uungwana wa kupitiliza, kwani kila jina linabeba asilimia 5 peke yake. Chati duara yenye rangi sita, inayopendwa mno katika viambatisho, ingezidisha umbali huo. Mambo haya yameandikwa kana kwamba ni ya kiufundi, lakini ni ya kimaadili ya utafiti: anayechora kwa namna inayozuia kukaguliwa anaomba kuaminiwa badala ya kusomwa.

Kutokana na hayo, desturi ya uchapishaji katika taaluma hii ingeweza kubadilika kwa gharama ndogo. Data zisizozidi, tuseme, vipashio 50 zichapishwe kwa mchoro wa vitone na orodha kamili. Kanuni ya kukata kipashio itajwe kabla ya mchoro wa kwanza. Na pale kanuni mbili zinapoweza kutetewa, michoro iwe miwili. Histogramu ibaki kwa kazi iliyoiumba: korpasi za maneno maelfu, muda wa vokali uliopimwa kwa milisekunde, urefu wa sentensi katika riwaya nzima. Huko nako, mpaka wa kwanza wa vikundi uandikwe chini ya kielelezo.

Dai la mwanzo, la kwamba mchanganyiko wa lugha wa Masasi unaonekana katika urefu wa majina, halijakanushwa hapa. Limevuliwa tu ushahidi ambao halikustahili. Pengine litapata mwingine bora likihamishwa kutoka urefu kwenda kwenye viambishi. Na- ya mwanzo, inayopatikana katika majina mengi ya watu na ya mahali kusini mwa Tanzania, imo katika majina matano ya Masasi na manne ya Newala. Chi- imo katika matano na manne. Lu- imo katika matatu na moja. Namba hizi ni ndogo, na ma-, yenye manne Newala na sifuri Masasi, ingepata kitone chake Masasi mara tu Makong'onda lingeruhusiwa kuingia. Lakini kiambishi, tofauti na urefu, ni kitu ambacho mzee wa kijiji anaweza kuulizwa.

Hata Nanganga, jina lisilotikisika katika michoro yote ya silabi, silabi tatu kwa kanuni ya kwanza na tatu kwa ya pili, lina swali lake. Katika Kiyao vokali inayotangulia nazali iliyoungana na konsonanti hurefuka. Jina hilo likitamkwa kwa kanuni hiyo na kupimwa kwa mora badala ya silabi, vokali zake mbili za mwanzo zinarefuka na jumla inakuwa tano. Katika Kimakonde, ambako vokali ya silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayorefushwa, ingekuwa nne. Kitone cha Nanganga kiwekwe wapi, juu ya 3, ya 4 au ya 5, ni swali la kuamuliwa Nanganga, kwa kinasa sauti na kwa wasemaji wa lugha zaidi ya moja, kabla mtu hajafungua programu ya kuchorea.